Jibu kwa msomaji wa Mafia: namna ya kuziba madirisha kabla ya kimbunga

Swali: Mhandisi, salaam. Ninaishi Kilindoni, Mafia, katika nyumba ya tofali za saruji iliyoezekwa kwa bati. Nyumba ina madirisha manane, mengi yakiwa ya alumini yenye vioo vya kusukuma, na yote yana nondo kwa nje. Kilipokuja kimbunga Hidaya nilibandika utepe wa gundi kwa umbo la msalaba kwenye kila kioo, na jirani akanishauri niache dirisha moja wazi upande usiopigwa na upepo ili nyumba ipumue. Tulisalimika. Sasa nataka kununua mbao za kuzibia madirisha, lakini fundi wangu anasema inatosha kuzipigilia misumari kwenye fremu. Je, ninunue mbao gani, zifungwe vipi, na zifungwe lini? Pia mama yangu anakaa jirani katika nyumba ya udongo na makuti. Je, naye nimzibie?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza wakati ambapo hakuna kimbunga kinachotangazwa, kwa sababu karibu kazi yote ya kuziba madirisha hufanywa siku kama hizi, jua likiwaka na duka la vifaa likiwa wazi. Kinachostahili kubaki kwa siku ya tahadhari ni kubeba bodi zilizokwisha kukatwa na kutobolewa, kuziegemeza mahali pake na kukaza nati. Anayengoja tangazo ndipo aende kutafuta plaiwudi, hasa akiwa kisiwani, huenda akakuta duka limeishiwa, umeme umekatika drili isizunguke, na vyombo vya kwenda Nyamisati, ng'ambo bara, vimezuiwa kwa sababu bahari imechafuka.

Nianze na yale mawili uliyokwisha kuyafanya, kwa kuwa wengi huyafanya kwa nia njema na yote mawili hayafai. Utepe wa gundi hauongezi nguvu ya kioo hata kidogo. Kitu kikirushwa na upepo, kioo chenye utepe huvunjika sawa na kisicho nao, tofauti ikiwa kwamba vipande vinaweza kushikamana na kuanguka vikiwa vikubwa na vizito zaidi, jambo ambalo ni baya kwa aliye ndani. Huko Marekani, ambako kuziba madirisha kabla ya kimbunga ni desturi ya miaka mingi, mamlaka za maafa zimekuwa zikiwasihi watu waache utepe kwa sababu huwapa imani isiyo na msingi na kuwamalizia saa ambazo wangezitumia kufunga bodi.

Ushauri wa jirani yako ni hatari zaidi. Nyumba haipasuki kwa kukosa kupumua. Nyumba zetu zina mianya ya kutosha chini ya bati na kandokando ya milango. Kinachoibomoa nyumba katika kimbunga, mara nyingi, ni upepo ulioingia ndani. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta bati kuelekea juu. Wakati huohuo, dirisha likiwa wazi au kioo kikiwa kimevunjika upande unaopigwa, upepo huingia chumbani ukakosa pa kutokea, ukaanza kusukuma dari na bati kutoka chini. Paa basi linavutwa kwa juu na kusukumwa kwa chini kwa mpigo mmoja. Likishang'oka, kuta za tofali, ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa zikitegemea paa kuzishikilia kwa juu, huanza kuyumba na kuanguka. Kwa hiyo unapoziba dirisha hulindi kioo tu, bali unalinda paa, na kwa kulinda paa unalinda nyumba nzima pamoja na waliomo. Dirisha la upande uliotulia nalo halitaendelea kuwa upande uliotulia, kama nitakavyoeleza.

Tutazame nguvu yenyewe, maana bila kuijua mtu hudhani msumari unatosha. Upepo wa kilomita 120 kwa saa unaopiga ukuta uso kwa uso huusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la sebuleni lenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 1.2 litakuwa limebeba kama kilo 125. Upepo ukipanda hadi kilomita 180 kwa saa, nguvu haiongezeki kwa nusu tu, kwa sababu hukua kwa mraba wa kasi: dirisha hilohilo litabeba karibu kilo 280. Linganisha na bati tunaloezekea, ambalo halifiki hata kilo tano kwa mita ya mraba, nawe utaona kwa nini paa lililosukumwa kutoka ndani halina uzito wa kujitetea. Mzigo huo pia hausukumi upande mmoja tu. Upepo wa kimbunga huja kwa mapigo, ukisukuma na kuvuta kwa zamu kwa saa nyingi, na ni kule kuvuta kunakong'oa vitu vilivyofungwa ovyo.

Kusalimika kwenu mwaka 2024 kulikuwa rehema, wala hakukuwa kipimo cha utepe. Hidaya kikiwa baharini kilifikia upepo wa karibu kilomita 150 kwa saa, lakini kilikuwa kimepungua nguvu kilipoifikia Mafia mwanzoni mwa Mei. Jobo, Aprili 2021, nacho kilidhoofika kabla ya kufika pwani yetu. Kenneth hakikudhoofika: tarehe 25 Aprili 2019 kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, kusini tu ya mpaka wetu, kikiwa na upepo wa takribani kilomita 220 kwa saa. Wazee wa Lindi walisimulia kimbunga cha Aprili 1952, na historia ya Zanzibar inakumbuka kile cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Ni kweli kwamba vimbunga vingi vya bahari yetu hubaki kusini zaidi, vingine vikipiga Madagaska na Msumbiji, kwa kuwa karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauvipi nguvu ya kutosha ya kujisokota. Mafia, hata hivyo, iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na huko si mbali kiasi cha kujihakikishia usalama. Usiweke imani kubwa katika kalenda pia: msimu huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na Hidaya kilikuja Mei.

Sasa kuhusu pande za nyumba. Katika kizio chetu cha kusini, upepo wa kimbunga huzunguka kitovu chake kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Kimbunga kikija kutoka mashariki na kitovu kikaelekea moja kwa moja Kilindoni, upepo utaanza kwa kuvuma kutoka upande wa kusini. Kitovu kikifika, kunaweza kuwa na utulivu wa ghafla, hata nyota zikaonekana. Kikishapita, upepo hurudi kwa kishindo ukitokea kaskazini, yaani upande ambao saa chache kabla ulikuwa kivulini na ambao jirani alikushauri uuache wazi. Aliye kusini mwa njia ya kitovu ndiye anayepata upepo wa kutoka baharini, nao huwa mkali zaidi kwa sababu kasi ya kimbunga kinachosogea hujumlishwa na kasi ya mzunguko. Hakuna anayeweza kukuambia siku mbili kabla kwamba kitovu kitapita kaskazini au kusini ya nyumba yako. Kwa hiyo madirisha yote manane yazibwe, na utulivu wa katikati usimtoe mtu nje kukagua.

Kuhusu mbao, nakushauri ununue plaiwudi ya marini, ile nyeusi au ya hudhurungi ambayo mafundi huitumia kufungia zege la nguzo na mikanda. Gundi yake inastahimili maji, ina nguvu kila upande, na inauzwa katika kipimo cha futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Wamarekani hupendekeza unene wa inchi 5/8, ambao ni karibu milimita 16. Kwetu unaopatikana kwa urahisi ni milimita 18, na huo ndio utakaokufaa kwa madirisha mapana. Kwa kidirisha cha choo au stoo milimita 12 zinatosha. Bodi moja ya milimita 18 ina uzito wa zaidi ya kilo 30, kwa hiyo hesabu watu wawili wa kuibeba. Usinunue silingi bodi, wala zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa zinazotengenezewa makabati, kwani zikilowa huvimba na kukatika kama mkate. Bati tupu nalo silipendi kwa kazi hii. Likifungwa vibaya kona moja, upepo hulikunja na kuling'oa, na bati linaloruka usiku ni kati ya vitu vinavyoua watu katika vimbunga.

Kabla ya kwenda dukani, pima kila tundu la dirisha kuanzia ukingo wa ukuta hadi ukingo wa pili, kisha ongeza sentimita 10 kila upande ili bodi ilalie ukuta wenyewe. Hapo utakutana na tatizo ambalo watu wengi hulikuta wakiwa wamechelewa. Dirisha lako la mita 1.5 kwa 1.2 linahitaji kifuniko cha mita 1.7 kwa 1.4, na bodi ina upana wa mita 1.22 tu. Utalazimika kuunga vipande viwili vilivyosimama, kila kimoja upana wa sentimita 85 na urefu wa mita 1.4, vikutane katikati ya dirisha. Kiungo hicho kifunikwe kwa ubao wa inchi 2 kwa 4 unaosimama kutoka juu hadi chini, na vipande vyote viwili vifungwe kwenye ubao huo kwa skrubu kila baada ya sentimita 15. Kila bodi itakuachia kipande cha zaidi ya mita moja kwa mita 1.22, ambacho kinatosha kuzibia kidirisha cha choo au jiko, kwa hiyo chora mikato yote kwenye karatasi kabla fundi hajashika msumeno.

Nije kwa kauli ya fundi wako, ambaye simlaumu, maana mafundi wetu hawajazoea kazi hii. Fremu ya alumini hushikwa ukutani kwa skrubu chache na silikoni pembeni. Iliwekwa kubeba kioo, na haikukusudiwa kubeba bodi inayovutwa na upepo. Ukipigilia bodi kwenye fremu, upepo ukivuta utaondoka na vyote viwili, ukakuachia tundu kubwa kuliko lile ulilokuwa ukiliogopa. Misumari nayo hutoka kwa urahisi ikivutwa kwa kunyoka, na ndivyo upepo unavyoivuta. Bodi ifungwe kwa boliti au skrubu, na ishike ukuta au kitu kilichozikwa ndani ya ukuta.

Kwa bahati nzuri wewe unacho kitu hicho, nazo ni nondo zako za nje. Kama ncha zake zimezikwa katika zege au ndani ya tofali, hazikuchomelewa tu kwenye fremu, zinaweza kushikilia bodi bila kutoboa ukuta hata kidogo. Bodi huegemezwa kwa nje ikalalia ukuta kuizunguka pande zote nne. Kwa ndani, nyuma ya nondo, hulazwa mbao mbili za inchi 2 kwa 4, moja theluthi ya juu ya dirisha na nyingine theluthi ya chini. Boliti za milimita 12 hupita kwenye bodi, katikati ya nondo, na kutokeza kwenye mbao hizo, ambako huwekewa washa pana na nati. Mtu mmoja hushika bodi akiwa nje, na mwingine husukuma kioo pembeni na kukaza akiwa ndani, kwanza nusu moja ya dirisha kisha ya pili. Upepo ukisukuma, bodi inakandamizwa ukutani, na hapo boliti hazina kazi. Upepo ukivuta, mbao za ndani zinazikumbatia nondo na bodi haiendi popote. Boliti sita kwa dirisha kubwa na nne kwa dogo zinatosha. Kabla ya kuzitegemea, shika kila nondo kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu zako zote, kisha utazame pale inapoingia ukutani: ukiona saruji imepasuka kuizunguka au kutu imeivimbisha chuma hadi ikasukuma lipu, dirisha hilo lifungwe kwa njia ya ukuta.

Njia ya ukuta ni hii. Matundu hutobolewa kwenye bodi sentimita 3 hadi 3.5 kutoka ukingoni, na ukutani yawe angalau sentimita 6.5 kutoka ukingo wa tundu la dirisha, kwa sababu tofali likitobolewa karibu na ukingo humeguka. Kwa bodi ambayo nafasi inayoivuka haizidi mita 1.2, weka skrubu kila baada ya sentimita 40; nafasi ikiwa kubwa zaidi, zikaribiane hadi sentimita 25. Kina kihesabiwe baada ya lipu, si kuanzia usoni mwake, nazo fisha, yaani vile vibomba vinavyoshika skrubu ukutani, ziingie ndani ya tofali angalau sentimita 5. Hapa unahitaji kuisikiliza drili. Ikiwa inakwenda kwa uzito na kutoa unga mkavu wa kijivu, tofali ni zuri. Ikitumbukia kwa wepesi na mchanga ukamwagika wenyewe, tofali hilo lilibaniwa saruji. Jaribu skrubu moja kwa kuikaza kabisa: fisha ikianza kuzunguka pamoja nayo, ukuta huo hautaishika bodi katika upepo wowote, na usijidanganye kwa kuongeza fisha nene zaidi. Dawa yake ni boliti ndefu inayopenya ukuta wote hadi ndani, ikiwa na kipande cha bati nene au washa pana pande zote mbili. Kwa juu ya dirisha kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa linta, yaani boriti iliyo juu ya tundu, ni ya zege na hushika vizuri, ili mradi fundi ahakikishe hatoboi kwenye nondo ya linta.

Boliti, nati na washa ziwe zile zilizopakwa zinki. Chumvi ya bahari ya Mafia haichelewi kula chuma, na nati iliyoganda kwa kutu siku ya tahadhari ni sawa na kutokuwa nayo. Zipake grisi na uzitunze pamoja katika kopo moja lenye kifuniko, na spana yake iwe humohumo. Paka rangi ya mafuta kwenye kingo za bodi palipokatwa, kwani hapo ndipo maji huingilia. Kisha andika nyuma ya kila bodi kwa maandishi makubwa ni ya dirisha gani na upande upi ni juu: "sebule kusini, kushoto", na mshale. Bodi mbili zinazofanana kwa macho huwa zinapishana sentimita mbili kwenye matundu, na hilo hutaki kuligundua mvua ikiwa imeanza. Zihifadhi zikiwa zimelala juu ya mbao, mahali pakavu, wala zisigeuzwe meza ya genge au kuta za banda la kuku. Zikishakamilika, fanyeni jaribio moja la kuzifunga zote. Watu wawili waliojipanga hutumia kama robo saa kwa dirisha, na hapo ndipo utajua kwa hakika saa ngapi unazihitaji.

Niseme jambo moja pembeni, kwa kuwa linaniuma kila ninapopita miji yetu ya pwani. Nyumba za kale za Waswahili, tangu Lamu hadi Kilwa Kivinje, zilikuwa na madirisha ya mbao nzito yenye bawaba na makomeo ya ndani, ambayo hufungwa kwa dakika moja bila ngazi wala spana. Tuliyaacha kwa sababu ya uzuri wa kioo na bei ya mbao. Ukipata uwezo siku zijazo, tengeneza milango ya madirisha ya mbao ngumu kama mkongo au mninga kwa upande wa nje wa madirisha yako makubwa, yenye bawaba zilizofungwa kwa boliti ukutani, na komeo la chuma linalokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Itakubidi uhamishe nondo zikae ndani kidogo, na gharama ni kubwa, lakini mzee anayebaki nyumbani peke yake anaweza kuifunga, ilhali plaiwudi humhitaji kijana na msaidizi wake. Kwa sasa, plaiwudi inakutosha.

Lini zifungwe? Fuatilia matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, redioni na kupitia uongozi wa wilaya. Vimbunga vya sehemu yetu ya bahari hufuatiliwa pia na kituo cha kanda kilichoko kisiwa cha Réunion, na mfumo hupewa jina ukifikia upepo wa kilomita 63 kwa saa. Ukifikia 118 ndipo unapoitwa kimbunga kamili. Kwa hiyo ukisikia jina limeshatolewa na mkoa wa Pwani, Lindi au Mtwara umetajwa katika tahadhari, toa bodi stoo na uzipange kila moja chini ya dirisha lake. Zifunge mchana, siku moja kabla ya muda unaotajwa. Usifunge bodi upepo ukiwa umekwisha kushika kasi, kwani bodi nzima ikiwa mikononi ni tanga, nawe Mafia unajua tanga linaweza kumfanya nini mtu asiyelitarajia. Miti mikubwa ikianza kuyumba yote, ngazi zilazwe chini. Dirisha ambalo halijazibwa liachwe, chumba chake kifungwe mlango, na watu wahamie upande mwingine wa nyumba.

Kama fedha haziruhusu bodi zote kwa mara moja, anza na madirisha mapana zaidi na yale yanayotazama bahari au uwanja mtupu, kisha ya chumba mtakachojikusanya. Usisahau milango, ambayo watu huipita wakidhani ni imara. Mlango wa mbele wenye kitasa kimoja katikati hupinda juu na chini upepo ukiusukuma, hadi ulimi wa kitasa uchomoke. Makomeo mawili ya chuma, moja likizama sakafuni na jingine likiingia kwenye linta, yanagharimu kidogo sana kuliko dirisha moja la plaiwudi na yanafanya kazi kubwa.

Lakini mlango usizibwe kwa bodi. Madirisha yako yana nondo, kwa hiyo hata leo huwezi kutokea dirishani; yakishazibwa, milango ndiyo njia pekee ya kutoka nyumba ikishika moto au ukuta ukilegea. Hakikisha aliye ndani anaweza kufungua milango miwili bila kutafuta funguo gizani. Nakusihi pia kwa uzito wote usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyozibwa, wala jenereta barazani au ukumbini. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na katika nyumba iliyofungwa madirisha manane inaweza kuua familia nzima iliyolala. Pikeni mapema, wekeni chakula kikavu na maji, na taa ziwe za betri.

Bodi hizi zinapaswa kupigana na upepo, zisilazimike kupigana na nazi. Uko katika kisiwa cha minazi, na nazi pevu ikitupwa na upepo wa kimbunga inapiga kwa nguvu ambayo kioo hakiwezi kuistahimili na plaiwudi nyembamba huenda isiistahimili. Tahadhari ya kwanza ikitolewa, au bora zaidi kila mwanzo wa msimu, mwite mkwezi aangue nazi na kukata makuti makavu ya minazi yote iliyo karibu na nyumba. Viti, ndoo, mabati yaliyobaki ya ujenzi na mbao za kuchomea viingizwe ndani. Zungumza na jirani afanye vivyo hivyo, kwa kuwa bati lake lililoegemezwa ukutani ndilo litakalokuja dirishani kwako.

Paa hukuliulizia, lakini siwezi kukuandikia haya yote nikalinyamazia. Panda darini mchana ukiwa na tochi, utazame kenchi zimefungwaje ukutani. Zikiwa zimelazwa tu juu ya ubao na kupigiliwa misumari, zifungwe kwa mikanda ya chuma inayoshuka hadi kwenye linta au mkanda wa zege, kila kenchi kwa mkanda wake. Kisha misumari ya bati, hasa ya ukingoni na kwenye mgongo wa paa, ikaguliwe, na iliyolegea ibadilishwe kwa skrubu zenye washa za mpira. Mkiwa na fedha za kazi moja tu mwaka huu, kati ya kufunga kenchi zilizolazwa bure na kuziba madirisha, mimi ningeanza na kenchi.

Kuhusu mama, jibu langu ni hapana, usimzibie. Kuziba madirisha hulisaidia jengo ambalo lina kuta na paa vya kuhimili upepo baada ya kuzibwa. Nyumba ya udongo na fito iliyoezekwa makuti haina uwezo huo: makuti yatachukuliwa kwanza, mvua italowesha udongo, na kuta zitaanguka, bodi au bila bodi. Yaliyotokea kisiwani Mayotte Desemba 2024, kimbunga Chido kilipovisambaratisha vitongoji vya vibanda vya mabati, yanatuonyesha kwamba nyumba nyepesi hukimbiwa. Mhamishie kwako, kenchi zako zikiwa zimefungwa na nyumba ikiwa mbali na ufuko, au mpeleke katika shule au jengo jingine imara ambalo uongozi wa wilaya utalitaja kuwa la kujihifadhi. Ikiwa wewe mwenyewe uko sehemu ya chini karibu na bahari na amri ya kuhama ikatolewa, muondoke wote wawili, kwa kuwa bodi hazizuii bahari ikipanda. Mwambie mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa, ili siku hiyo msianze kubishana. Dawa zake, vitambulisho na nguo za kubadilisha viwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni uliofungwa vizuri, na umchukue mchana uleule mnapofunga bodi, njia zikiwa bado zinapitika.